Hedhi haichelewi, yai ndilo linalochelewa

Namba 28 imewanyima wanawake usingizi kuliko inavyostahili. Tulifundishwa darasani kwamba mzunguko wa hedhi ni siku 28. Mwalimu akachora duara ubaoni, akaweka alama ya yai katikati, siku ya 14, nasi tukanakili. Hakuna aliyetuambia kuwa duara lile ni wastani wa watu wengi na si ratiba ya mtu yeyote. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchambuzi wa mizunguko zaidi ya 600,000 ambayo wanawake wenyewe walikuwa wameirekodi kwenye programu ya simu. Iliyotimia siku 28 kamili ilikuwa asilimia 13 tu. Waliobaki, yaani wengi wetu, wako kabla au baada ya hapo. Kwa mtu mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida, na kwa msichana aliyevunja ungo miaka michache iliyopita unaweza kufika hata siku 45 bila kuwa na ugonjwa wowote.

Kwenye ukoo wetu na kati ya marafiki zangu, mimi ndiye ninayetafutwa usiku. Sijui ilianzaje. Mimi si daktari. Nilianza kusoma mambo haya kwa sababu yalinihusu, nikaendelea kwa sababu ujumbe hauishi kuingia. "Dada, uko macho? Sijaziona." Siulizi alilala na nani wala kwa nini hakutumia kinga, maana hayo ameshajiuliza mwenyewe tangu magharibi. Nauliza tarehe. Siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini? Na hapo ndipo ninapogundua, karibu kila mara, kwamba sehemu kubwa ya hofu imesimama juu ya hesabu ambayo haijafanywa, au imefanywa vibaya.

Basi tuifanye.

Mzunguko una vipande viwili. Cha kwanza huanza siku damu inapotoka na kuishia siku yai linapopevuka na kuachiliwa na ovari. Cha pili huanzia hapo hadi damu nyingine. Kipande cha pili ni kigumu kubadilika: kwa wengi ni siku 14 hivi, zikipungua au kuzidi ni chache. Kipande cha kwanza ndicho kinachonyumbulika. Yai likipevuka mapema, hedhi itakuja mapema. Likisitasita, hedhi itasitasita pia. Kwa hiyo mwanamke asiye na mimba ambaye hedhi yake imepitiliza siku 9 anaangalia tukio lililotokea wiki mbili zilizopita: yai lilitoka kwa kuchelewa, au mwezi huo halikutoka kabisa. Damu yenyewe imefuata ratiba yake vizuri tu.

Na yai huchelewa kwa nini? Kwa sababu amri ya kulipevusha hutoka kichwani. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi ndiyo inayotoa ishara ya kwanza, na sehemu hiyo hiyo inafuatilia kama umelala, umekula, unaumwa, umefiwa, una mtihani, umehamia kazi ya zamu za usiku. Ikiona hali si nzuri, inapunguza ishara. Homa kali, kupungua uzito kwa kasi, mazoezi ya kupitiliza, msiba, safari ndefu ya kubadilisha saa: vyote hivyo vinaweza kusogeza yai kwa siku kadhaa au wiki kadhaa.

Hapa nitie neno kuhusu ule usemi wa "usiwaze sana, ukiwaza ndiyo haziji kabisa." Una ukweli nusu. Mawazo yaliyokukuta kabla yai halijatoka yanaweza kulichelewesha. Lakini mawazo ya sasa, ya kusubiri hedhi baada ya yai kuwa limeshatoka, kwa kawaida hayabadilishi chochote. Kwa hiyo anayekuambia utulie ili zije anakubebesha kazi isiyo yako, na juu ya hofu uliyonayo anakuongezea lawama ya kuogopa.

Upande wa pili wa hesabu hii haufurahishi. Kama yai linaweza kuhama, basi zile "siku salama" nazo zinahama. Mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5. Yai lenyewe huishi saa 12 hadi 24 tu. Ukijumlisha, kuna siku kama 6 katika kila mzunguko ambazo tendo linaweza kuleta mimba, na hizo siku 6 hazikai pale ulipoziweka kwenye kalenda mwaka jana. Mwenye mzunguko mfupi anaweza kushika mimba kwa tendo la siku ambayo damu ndiyo kwanza imekauka. Yule ambaye yai lake limechelewa anaweza kushika mimba siku ya 20, akiwa na uhakika kabisa kwamba hatari ilikwisha wiki nzima nyuma. Nimewaona wote wawili, na wote walikuwa wamehesabu.

Mimi mwenyewe niliwahi kusubiri. Nakumbuka zaidi choo kuliko kitu kingine chochote. Kila nilipokwenda nilitazama karatasi kwenye mwanga, nikitafuta hata weupe uliogeuka kidogo kuwa wa waridi. Nilivaa pedi kabla ya wakati, kana kwamba pedi huita damu. Nilijibonyeza matiti bafuni: yanauma? Yanauma kwa namna ya siku zote, au kwa namna mpya? Kwenye kikao, mtu akiwa anazungumza, nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Niliweka nadhiri na Mungu ambazo sasa nikizikumbuka nacheka, nyingine zilihusu kuacha vitu ambavyo wala sikuwa ninavifanya. Na usiku, simu mkononi, nilisoma dalili za mimba changa moja baada ya nyingine, na kila niliyoisoma ilinitokea ndani ya dakika kumi.

Kulikuwa na sababu ya mwili kwa hilo, wala sikuwa nimerukwa na akili. Baada ya yai kutoka, ovari hutengeneza homoni iitwayo projesteroni kwa wingi, uwe na mimba au usiwe nayo. Projesteroni ndiyo inayojaza matiti, inayovimbisha tumbo, inayochosha, inayokufanya ulie kwa tangazo la redio. Dalili za hedhi inayokaribia na dalili za mimba ya wiki ya kwanza zinatoka chungu kimoja. Hakuna mwanamke, hata aliyezaa mara tano, anayeweza kuzitenganisha kwa kujibonyeza. Kichefuchefu chenyewe kwa wengi huanza baadaye, karibu wiki ya 6 kwa hesabu ya mimba. Aliyetapika siku tatu baada ya kondomu kupasuka anaumwa kitu kingine, au anaumwa hofu. Siku zangu zilikuja. Wiki kadhaa kabla nilikuwa nimelazwa na homa, na sikuwa nimeunganisha mambo hayo mawili.

Kinachotenganisha ni kipimo, nacho kina masharti ya muda ambayo watu huyaruka. Kipimo cha mkojo kinatafuta homoni moja, hCG, na mwili hauanzi kuitoa siku ya tendo. Yai likirutubishwa kwenye mrija linasafiri taratibu kuelekea mji wa mimba, na likifika, sasa likiitwa kiinitete, hujishika kwenye ukuta wake siku 6 hadi 12 baada ya yai kutoka. Kwa wengi ni siku ya 8, 9 au 10. Baada ya kujishika ndipo hCG huanza kumwagika kwenye damu, kisha kwenye mkojo, na mwanzoni huongezeka karibu maradufu kila siku mbili au tatu. Ukipima siku nne baada ya tendo, kipimo kitasema hapana hata kama jibu la kweli litakuwa ndiyo. Hakijadanganya, umekiuliza mapema mno.

Kwa hiyo: pima kuanzia siku ambayo hedhi ilitakiwa kuja. Kama mzunguko wako haueleweki na hujui ilitakiwa lini, hesabu siku 21 tangu tendo la mwisho lisilo na kinga, hapo kipimo kitakuwa na la kusema. Mkojo wa asubuhi ni bora hasa siku za mwanzo kwa sababu haujachanganyika na maji mengi. Anayekunywa maji lita mbili ili apate mkojo wa kupimia anajiharibia mwenyewe. Soma jibu ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelezo, kisha tupa. Usikitoe kwenye pipa jioni ukakiangalia kwa tochi. Mkojo ukikauka unaweza kuacha alama ya kijivu inayofanana na mstari, na alama hiyo imewaliza watu bure. Lakini mstari wa pili wenye rangi, uliotokea ndani ya muda, hata ukiwa umefifia kiasi gani, ni mstari. Hakuna mimba nusu. Na ukipata jibu la hapana huku hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki moja. Dawa za maumivu, antibayotiki, pombe, vidonge vya uzazi wa mpango: hivyo havibadilishi jibu. Sindano za kutafuta mtoto zenye hCG zinaweza kulibadilisha, lakini mwenye kuchomwa hizo anajua.

Vile vipimo vya chumvi, sukari na dawa ya meno vinavyosambazwa kwenye simu sitavizungumzia zaidi ya kusema kwamba havipimi kitu. Mkojo wowote hutoa povu.

Ninaposikia mtu akilalamikia dakika tatu za kusubiri mstari, huwa nakumbuka chura. Miaka ya 1920 mwishoni, madaktari wawili mjini Berlin, Aschheim na Zondek, walipima mimba kwa kudunga mkojo wa mwanamke kwenye panya, kisha kuwapasua panya hao na kutazama ovari zao. Miaka ya 1930 mwanasayansi Mwingereza, Lancelot Hogben, akaleta njia ya chura wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis: anadungwa mkojo, na kama mwanamke ana mimba, chura anataga mayai kabla ya siku ya pili. Angalau chura alibaki hai. Mpaka miaka ya 1960 jibu lilipitia maabara, na mtu wa kwanza kujua alikuwa daktari, wa pili mara nyingi mume. Mwaka 1967 Margaret Crane, mchoraji aliyeajiriwa na kampuni ya dawa ya Organon huko New Jersey kubuni vifungashio vya vipodozi, aliona vipimo hivyo vimepangwa maabara, akauliza kwa nini mwanamke asijipimie nyumbani. Akabuni kisanduku cha plastiki chenye kioo kwa chini. Wakubwa hawakupenda, waliogopa madaktari watachukia, na wengine walidai mwanamke asiyeolewa akijua peke yake atajidhuru. Kisanduku kiliuzwa Kanada mwaka 1971, na Marekani kilifika mwaka 1977. Hataza, yaani hati ya haki ya ubunifu, ilikuwa kwa jina la Crane, aliyeikabidhi kwa kampuni kwa dola moja, ambayo anasema hakulipwa. Nafikiri juu ya hoja ile ya wakubwa kila ninapoambiwa kwamba wasichana wakifundishwa mambo haya wataharibika. Ni hoja ile ile, imevaa nguo mpya.

Sasa nije kwenye hesabu inayovunja nyumba. Mwanamke amepima, ni ndiyo, amekwenda kliniki, amepigwa picha ya altrasaundi, na karatasi inasema mimba ina wiki 6. Mwanaume anahesabu: tulionana wiki nne zilizopita, kabla ya hapo sikuwepo. Wiki mbili zimetoka wapi? Nimeliona jambo hili likiwafikisha watu kwenye kikao cha wazee, mwanamke analia na hana la kujibu kwa sababu naye haelewi wiki mbili hizo zimetoka wapi.

Zimetoka kwenye desturi ya wakunga na madaktari. Siku ya kutunga mimba mara nyingi haijulikani, lakini siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho mwanamke anaweza kuikumbuka. Kwa hiyo umri wa mimba huhesabiwa kuanzia hapo, na ndiyo maana mimba kamili huambiwa ni wiki 40, siku 280. Wiki mbili za mwanzo za "mimba" hakuna mimba; kuna damu ya hedhi na yai linaloandaliwa. Siku hedhi inapochelewa kwa mara ya kwanza, mwenye mzunguko wa siku 28 ameshaitwa mjamzito wa wiki 4, ingawa mimba ilitungwa wiki 2 tu zilizopita. Altrasaundi inafuata desturi hiyo hiyo: inapima urefu wa kiinitete, kisha inatoa umri kana kwamba imehesabu tangu hedhi. Kwa hiyo wiki 6 kwenye karatasi ni tendo la kama wiki 4 zilizopita. Hesabu ya yule mwanaume ilikuwa sahihi, na karatasi ilikuwa sahihi, na mke wake alikuwa sahihi. Picha za mapema nazo zinaweza kupishana siku 5 hadi 7, kwa hiyo asije mtu kuhukumu uaminifu wa mwenzake kwa tofauti ya siku tatu.

Laiti karatasi zile zingekuwa na mstari mmoja chini unaoeleza hili. Zingeokoa vikao vingi.

Damu nayo ina udanganyifu wake. Wapo wanaotoka matone wakati kiinitete kinapojishika au wiki chache baadaye, wakadhani ni hedhi nyepesi, wakapumua, kisha wakagundua mimba ina miezi mitatu. Karibu mwanamke mmoja kati ya wanne wenye mimba hutokwa na damu kiasi fulani katika miezi ya mwanzo, na wengi wao mimba huendelea vizuri. Hivyo kama hedhi yako imekuja kwa namna isiyo yako, matone ya siku moja au mbili wakati kawaida ni siku tano, pima. Kuna pia wanaopata mstari hafifu, na siku chache baadaye damu kamili inashuka. Hiyo mara nyingi ni mimba iliyotoka ikiwa changa sana, na chanzo chake kwa kawaida ni hitilafu katika chembe za urithi. Haikusababishwa na ndoo uliyobeba wala na tendo la usiku uliopita.

Liko jambo moja ambalo sitaki mtu alisome kwa haraka. Mimba inaweza kujishika nje ya mji wa mimba, mara nyingi kwenye mrija, na hutokea kwa mimba kama 1 au 2 kati ya 100. Haiwezi kukua ikawa mtoto, lakini inaweza kupasua mrija na kumwaga damu tumboni. Maumivu makali ya tumbo chini, hasa upande mmoja. Maumivu kwenye ncha ya bega ambayo hujui yametoka wapi. Kizunguzungu au kuzimia. Damu kidogo ya rangi ya kahawia kwa mtu ambaye hedhi yake imepita: ukiona hayo, usipime tena, usisubiri asubuhi, usimeze dawa ya maumivu ukalala. Nenda hospitali usiku huo huo na useme neno "hedhi imepitiliza" mlangoni. Mwenye kitanzi akishika mimba, jambo ambalo ni nadra, awe makini zaidi, kwa kuwa mimba hiyo ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nje.

Wanaotumia uzazi wa mpango nao huja na hofu zao, na hizi naweza kuzipitia upesi. Sindano ya miezi mitatu huzuia hedhi. Baada ya mwaka, karibu nusu ya wanaoitumia hawaoni damu kabisa, na hakuna damu iliyojikusanya ndani ikisubiri kuwaua. Ukiiacha, inaweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka, kabla yai halijarudi kwenye mwendo wake. Kijiti huvuruga ratiba kwa namna yake. Kidonge cha dharura kinaweza kusogeza hedhi mbele au nyuma kwa siku kadhaa, kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo hasa: kulichelewesha yai. Hakitoi mimba iliyokwishajishika. Ikipita wiki nzima zaidi ya tarehe uliyotarajia, pima. Na anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au dawa fulani za VVU kama efavirenzi, amwambie mhudumu, maana dawa hizo hupunguza nguvu za vidonge na vijiti.

Anayenyonyesha asidhani kukosa hedhi kunamlinda milele. Kunyonyesha huzuia mimba vizuri kama mtoto hajafikisha miezi 6, anapata maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Na yai hutoka kabla ya damu, kwa hiyo mtu anaweza kuunganisha mimba na mimba bila kuona hedhi hata moja katikati. Vivyo hivyo kwa mama wa miaka 46 anayesema ameshakoma: hajakoma mpaka miezi 12 ipite mfululizo bila damu.

Ikiwa vipimo vyote vimesema hapana na hedhi haijaja kwa miezi mitatu, acha kupima mimba, nenda kapimwe wewe. Wengi huishia kwenye furaha ya "sina mimba" na kulifunga jambo hapo. Lakini kuna sababu inayotafutwa. Tezi ya shingo inaweza kuwa inafanya kazi kidogo mno au kupita kiasi. Homoni ya maziwa, prolaktini, inaweza kuwa juu, wakati mwingine kwa sababu ya dawa za magonjwa ya akili au za kutuliza kutapika. Kuna pia hali ya homoni, iliyozoeleka kwa jina la PCOS, ambayo humpata kama mwanamke 1 kati ya 10: mayai hayapevuki kwa mpangilio, nywele zinaota kidevuni, chunusi haziishi, uzito unapanda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye hali hiyo hawajui kuwa wanayo. Wengi hujijua pale wanapotafuta mtoto na kumkosa, wakati hedhi ilikuwa imetoa taarifa miaka kumi nyuma.

Na ikiwa ni mistari miwili, na hukupanga?

Kwanza, huko peke yako kiasi unachodhani. Ripoti ya mwaka 2022 ya UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, ilikadiria mimba milioni 121 zisizopangwa kila mwaka duniani, karibu nusu ya mimba zote. Humo wamo wake za watu, wasomi, waliosahau kidonge siku mbili, waliotumia kondomu. Katika matumizi ya kawaida, wanawake kama 13 kati ya 100 wanaotegemea kondomu hushika mimba ndani ya mwaka. Kwa wanaotegemea kumwaga nje ni kama 20. Hao hawakuwa wahuni. Hizo ndizo namba za njia zenyewe mikononi mwa binadamu wa kawaida.

Pili, usiamue siku ya kwanza, lakini pia usijifiche mpaka tumbo lijieleze. Mwambie mtu mmoja mwenye kifua. Nenda kwa mhudumu wa afya uthibitishe mimba ina wiki ngapi na iko wapi, maana kila njia iliyo mbele yako inategemea majibu hayo mawili. Ukiamua kuibeba, Shirika la Afya Duniani linashauri hudhurio la kwanza la kliniki liwe ndani ya wiki 12: kupimwa damu, VVU, kaswende, kuanza vidonge vya madini ya chuma na foliki. Ukifikiria kutoibeba, sheria zinatofautiana kati ya nchi na nchi, na ni haki yako kumuuliza mhudumu ni nini kinaruhusiwa ulipo. Nisichoweza kunyamazia ni mitishamba ya kunywa, vitu vya kuchokonoa, na vidonge visivyo na jina vinavyouzwa na mtu asiye na uso. Hivyo vinaua, na wanaopona huenda wakapoteza kizazi. Aliyekwishavitumia na ana homa, damu nyingi au usaha unaonuka, aende hospitali leo. Kutibiwa madhara ni haki ya mgonjwa popote pale.

Kama tendo halikuwa la hiari yako, kuna saa zinazohesabiwa: dawa ya kuzuia VVU ianze ndani ya saa 72, na kinga ya dharura ya mimba inawezekana hadi siku 5. Ushahidi na polisi vinaweza kufuata. Dawa haisubiri.

Mara nyingi zaidi, lakini, ujumbe unaofuata huwa wa neno moja: "Zimekuja!" na vikaragosi vya kucheza ngoma. Nafurahi naye kweli. Kisha namwambia jambo ambalo usiku ule hataki kulisikia: kwamba wiki hii ndiyo nafasi nzuri, kwa sababu sindano au kijiti ukiwekewa ndani ya siku 7 za mwanzo wa hedhi, na vidonge ukianza ndani ya siku 5, unakingwa papo hapo bila haja ya kondomu ya kusindikizia. Kidonge cha dharura alichomeza mwezi uliopita hakimkingi mwezi huu. Wengi hunijibu, "Nitakwenda wiki ijayo, dada." Nami namuuliza siku gani.